Simu Yangu Imebisha Hodi kwa Watu Mia Tatu

Mpendwa Anti Mansa, naomba unisaidie, na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi saa nne asubuhi mjomba wangu ataniuliza mbele ya ukoo mzima kama zile chupa mbili za pombe ya shnapsi zipokelewe au zirudishwe, ataniuliza mara tatu kama desturi yetu ilivyo, na mimi hapa nilipo sijui nijibu nini hata mara moja, na jina langu tafadhali usilitaje, sema tu ni mama mmoja wa hapa Saltpond.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita, mshonaji, nguo zangu zinavaliwa mpaka Mankessim, na katika umoja wa akina mama wa kanisa letu mimi ndiye msimamizi wa nidhamu, yaani mimi ndiye ninayewanyang'anya wasichana simu wakati wa mahubiri, na jambo hilo naomba ulishike kichwani unaposoma yanayofuata ili uielewe aibu yangu urefu wake na upana wake.

Mwaka huu kanisa linatimiza miaka tisini na lazima tuwe na kitambaa cha sherehe, na akina mama tumegawanyika, wako wanaotaka buluu wakiongozwa na Dada Comfort Essilfie, ambaye hanipendi tangu nilipomshonea gauni kola ikakaa upande, na tuko tunaotaka zambarau, na sisi ndio wengi ila hatuna midomo. Sasa Jumatatu hii mchana niko kwenye cherehani, simu ikalia, natazama kwenye kundi letu la Wasapu naona Dada Comfort ameweka linki, jina la kanisa letu limeandikwa kwa herufi za buluu, na chini yake "Kura ya kitambaa inafungwa leo saa nane, kila mama apige", na saa ilikuwa nane kasoro dakika kumi, Anti Mansa, nikaona wazi hii ni njama, wameileta dakika za mwisho ili sisi wa zambarau tukiwa sokoni wao wapite, nikaacha mkono wa gauni la bibi harusi unaning'inia kwenye sindano, nikabonyeza.

Ikafunguka picha ya vitambaa viwili, nikabonyeza zambarau, ukurasa ukaruka ukaenda kwenye picha ya friji, nikabonyeza tena ukaruka ukaenda kwa mwanamke anayetabasamu na dawa ya kupunguza tumbo, nikabonyeza tena ukaruka kwingine, na hapa niungame kwa sababu sitaki kukuficha, nilidhani kila ukurasa ukiruka ni kura moja imehesabiwa, nikasema moyoni kama hawa wa buluu wanaiba basi na sisi tuibe, nikapiga mara kumi na moja. Kumi na moja, Anti, na mimi ndiye wa nidhamu. Mwishowe ukaja ukurasa unaosema ili kura yangu ikubaliwe nithibitishe uanachama, wakanipa herufi nane, wakasema nenda kwenye Wasapu yako uziandike, nikaenda, simu yenyewe ikaniuliza kama kweli nataka kuunganisha kifaa kingine, nikasema kifaa gani tena jamani, mimi nataka zambarau, nikakubali.

Hata ule mkono wa gauni sikuumaliza. Simu ilianza kulia mfululizo, watu wananipigia, watu wananiandikia, kumbe kutoka kwenye simu yangu, kwa jina langu na picha yangu ile niliyovaa kofia ya Pasaka, umetoka ujumbe kwenda kwa kila mtu niliyemhifadhi, unasema hivi, naunakili kama ulivyo: "Kookooko! Nabisha hodi kwako. Fungua mlango." Chini yake linki ya buluu. Sasa wewe ni mtu wa hapa, kookooko ya namna hiyo unaijua, ni mwanamume na ukoo wake ndio wanaokwenda na chupa kubisha hodi kwenye nyumba ya mwanamke wanapotaka kuoa, na hapa mimi mwanamke, mjane, msimamizi wa nidhamu, nimebisha hodi kwa watu mia tatu na kumi na wawili, wanaume kwa wanawake, kwa mpigo mmoja, bila chupa hata moja.

Mzee Arhin wa buchani, mwenye wake wawili, akajibu, "Mama, mlango wangu haujawahi kufungwa, ila nipe muda nizungumze na hawa wawili kwanza." Mchungaji akajibu, "Mama, mimi ni mume wa mtu. Njoo ofisini, na usije peke yako." Baba mkwe wa binti yangu kule Tarkwa akampigia binti yangu akamuuliza, "Mama yako ananitakia nini uzeeni?" na binti yangu hajazungumza nami mpaka leo. Na namba ya marehemu mume wangu, Anti, ambayo sikuwahi kuwa na moyo wa kuifuta miaka sita hii, ikajibu, "Nakuja, nipe dakika tano." Nilikaa sakafuni katikati ya mabaki ya vitambaa.

Jioni hiyo hiyo akaja Mjomba Kwamena, mkuu wa ukoo wetu, miaka themanini na moja, hakukubali hata maji.

"Ekuwa, tangu lini wanawake wa ukoo huu wanabisha hodi wao? Tuna njaa ya wanaume kiasi hicho?"

"Mjomba, si mimi, ni simu."

"Simu inataka mume?"

"Mjomba, simu imeingiliwa."

"Loo! Simu ndiyo imeingiliwa, halafu wewe ndiye unayeposa?"

Lakini hayo yote ningeyabeba, ningefunga duka nikaenda kwa dada yangu mwezi mzima mpaka watu wasahau, kama si Mwalimu Bondzie.

Mwalimu Bondzie ni mwalimu mstaafu, ndiye anayetupigia kinanda kanisani, mkewe alifariki miaka saba iliyopita, na kwa miaka miwili sasa ananiletea suruali nizipunguze urefu, suruali zile zile, na miguu yake haijabadilika, na mimi badala ya kumwambia "Mwalimu, hii haina kasoro", naipunguza kidogo, nambandikia kikaratasi cha maelezo kiunoni, nampa, ili wiki mbili baadaye arudi, na sasa suruali zake zimepanda mpaka kanisa zima linaona soksi zake akikanyaga kinanda. Hatujawahi kuambiana neno. Nampenda, Anti Mansa, nimeliandika hapa ili niliandike mahali.

Basi jana Jumanne alasiri akatokea nyumbani kwa Mjomba amevaa koti jeupe, soksi zinaonekana, na dada yake mkubwa, na chupa mbili. Mimi niliitwa, nikafika. Akasema, "Jana nimepata maneno yenye jina lako. Ile linki sikuifungua. Nikasema kama kuna hodi, basi njia yake ni mlangoni, na wa kubisha ni mimi. Nimekuja." Dada yake akasema, "Na tangu asubuhi hajala, kwa hiyo msituzungushe." Mjomba akazitazama zile chupa, akaziweka mezani bila kuzifungua, akasema ukoo utajibu Jumamosi, na mimi kati ya maneno yote ya dunia nilichoweza kusema ni "Karibuni maji".

Sasa ona nilipo. Nikimwambia kwamba ujumbe ule uliandikwa na wezi na kwamba hata mchinjaji anao, atafedheheka, atachukua chupa zake aondoke, na kinanda kitapigwa kwa hasira mpaka Krismasi, na mimi nitakuwa nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisipomwambia ataambiwa na Mzee Arhin siku ya harusi, kwa sababu nyama ya harusi tutanunua kwa nani kama si kwake? Niseme au ninyamaze? Na Dada Comfort nimshtaki kwa wazee wa kanisa kwa kuniharibia, au nimsalie tu zaburi za maadui? Na ile namba ya marehemu nifanye nini, maana leo asubuhi imenitumia picha ya pikipiki?

Wako katika dhiki, mama mmoja wa Saltpond,
Ekuwa Bentsiwa.

*

ANTI MANSA ANAJIBU

Mama, pole. Umesema nisitaje jina lako, kisha ukatia sahihi jina lako lote. Nimebadilisha majina yote, hata la mchinjaji, hata la mji. Jibu hili nakutumia kwa bahasha likufikie Alhamisi. Gazeti litalichapa wiki ijayo, mambo yakiwa yameshaamuliwa.

Kabla hujasoma mstari mwingine, shika simu. Fungua Wasapu, nenda kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa. Utakuta kifaa usichokijua. Kitoe. Umekitoa? Kitazame tena uhakikishe kimetoka. Haya, sasa pumua. Zile herufi nane hazikuwa uanachama, Mama, zilikuwa ufunguo, na tangu Jumatatu kuna mtu asiyekujua amekaa ndani ya simu yako akisoma vipimo vya viuno vya mji mzima. Simu ilikuuliza kwa adabu kabisa kama unataka kumkaribisha, ukaijibu habari za zambarau. Ukimaliza hapo, weka ile namba ya siri ya pili ambayo Wasapu inakuomba kila siku na wewe unaikwepa. Halafu warekodie watu wako ujumbe kwa sauti yako, si kwa maandishi, maana maandishi yako hayaaminiki tena wiki hii. Waambie wasifungue ile linki, na waliofungua wakatoe vifaa nao.

Sasa nikugombeze kidogo, kwa sababu umeniomba msaada na huu nao ni msaada. Wewe ni mshonaji. Unajua kwamba mtu anaweza kushona lebo yoyote kwenye kitambaa chochote. Zile herufi za buluu zilizoandikwa jina la kanisa ni lebo tu. Linki inakwenda inakokwenda, si inakosema inakwenda. Siku nyingine weka kidole juu yake ukishikilie bila kuachia, simu itakuonyesha anwani ya kweli. Ruka ule mwanzo wa https na vimstari vyake viwili, soma mpaka ukutane na kimstari kingine cha kulala upande, na lile jina lililo mwisho kabisa kabla ya kimstari hicho, pamoja na mkia wake kama .com, ndilo la mwenye nyumba. Jina la kanisa lenu linaweza kukaa mbele likipunga mkono na nyumba ikawa ya mtu mwingine kabisa. Tazama pia kama mahali pa herufi o pamekaa sifuri. Na anwani ikiwa fupi mno, haina jina lolote, basi huwezi kujua inakupeleka wapi, na usiifungue.

Na ukurasa ukiruka bila kuitwa, Mama, unafunga. Hukai ukahesabu. Kura ya kanisa haina friji ndani yake. Ile haraka ya dakika kumi nayo ilikuwa mtego, maana mtu mwenye haraka hasomi, na waliokutega hawakujua hata kama kuna zambarau na buluu. Waligusa tu mahali palipokuwa panakuwasha wewe mwenyewe. Zile kura kumi na moja sizizungumzii. Mweleze Mchungaji ukienda ofisini, na usiende peke yako kama alivyosema.

Dada Comfort hujamwelewa. Yeye hakuweka linki ile. Simu yake ndiyo iliyoiweka, kama simu yako ilivyoposa. Wakati wewe unamsalia zaburi za maadui, yeye huenda yuko nyumbani analia kwa sababu amebisha hodi kwa wajumbe wote wa jimbo. Nenda kamwonyeshe jinsi ya kukitoa kile kifaa. Na kola yake irekebishe, miaka yote hiyo kwa nini?

Ile namba ya marehemu ni ya dereva wa pikipiki. Makampuni ya simu huchukua namba iliyokaa kimya muda mrefu yakampa mtu mwingine. Alidhani unamwita aje akubebe. Mwambie huendi popote, kisha uifute. Najua kwa nini ulikaa sakafuni, Mama. Najua kwa dakika moja ulitaka iwe yeye. Hilo halina aibu, na wala halipunguzi hayo mengine uliyoniandikia.

Tuje kwa Mwalimu.

Unaogopa ameupokea ujumbe wa wezi akaamini ni wako. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekosa pumzi kabla sijafika kwenye nukta. Sentensi yako ya kwanza peke yake inatosha kumvusha mtu kutoka Saltpond mpaka Cape Coast. Ule ujumbe ulionakili una maneno sita, na una alama ya mshangao na nukta mbili, kila moja mahali pake. Mwalimu huyu amesahihisha insha za watoto maisha yake yote, na kwa miaka miwili amekuwa akisoma vikaratasi vyako kiunoni mwa suruali. Unadhani hakujua ule si mkono wako?

Mimi naona alijua. Sikuapii, kwa sababu sijamwona uso, lakini hebu fikiri. Watu mia tatu na kumi na wawili wamepata linki ile. Wako waliofungua, wako waliokasirika, mmoja ameitisha kikao na wake zake. Ni mmoja tu aliyeiacha bila kuigusa akaenda kwa miguu yake mpaka kwa mwenyewe, na hivyo ndivyo kila mtu anavyopaswa kufanya akipata linki ya ajabu kutoka kwa mtu anayemjua. Sikiliza tena alichosema: "Kama kuna hodi." Hakusema umebisha. Mtu huyu hakutapeliwa, Mama. Alikuwa anatafuta sababu kwenye suruali kwa miaka miwili, wezi wakamletea nyingine, akaichukua. Na kwa kuja mchana kweupe na dada yake na chupa, amefanya mji mzima useme aliyebisha ni yeye. Hakukudai hata maelezo.

Hata hivyo, utamwambia. Usinichekee hapo ukadhani nimekupa ruhusa ya kunyamaza. Ninaweza kuwa nimekosea, na hata kama sijakosea, jambo ambalo mchinjaji analijua haliwezi kuwa siri kati yako na mumeo. Wala usisubiri Jumamosi umwambie mbele ya ukoo, mahali ambapo hawezi kuinuka bila watu kumtazama. Mpe nafasi ya kuondoka bila kuonekana. Nenda Ijumaa saa kumi alasiri, nyumbani kwa dada yake, dada akiwepo. Simu iache dukani, umeizima.

Nakujua kwa barua yako: ukianza kueleza utaanzia kwenye kola ya Dada Comfort, na mpaka ufike kwenye jambo lenyewe dada mtu atakuwa amesinzia. Kwa hiyo nakupa sentensi mbili, na zaidi ya hizo usiongeze. Sema: "Ule ujumbe haukuwa wangu." Weka nukta. Sema: "Lakini chupa zako nataka zipokelewe." Weka nukta. Halafu nyamaza, hata kama kunyamaza kutakuua, umtazame.

Akiinuka akaondoka, utaumia, na mimi sitakudanganya kwamba hutaumia. Utakuwa umemkosa mtu Ijumaa badala ya kumkosa ukiwa umeshamvalia gauni. Njoo hapa ofisini kwangu, tutakula, utalia, nitakusikiliza bila kukukatiza hata kwa nukta moja.

Akikaa, Mama, basi Jumamosi mjomba wako akikuuliza mara ya kwanza, jibu mwenyewe, kwa sauti yako, na usimngoje akuulize mara ya tatu.

Anti Mansa